Chumba Kina Baridi, Mbona Kinanuka Uvundo?

Swali: Tunaishi Milimani, Kisumu, nyumba ya kupanga, ghorofa ya chini. Chumba chetu cha kulala ni mita nne kwa nne, na kina AC ya BTU 24,000 tuliyoikuta ukutani. Tangu mvua za Machi zianze, chumba kinanuka uvundo, hasa tukiiwasha jioni. Tunaiweka 16 ili ikaushe hewa, lakini shuka zinakuwa kama zimenyunyiziwa maji. Nyuma ya kabati la nguo ukuta umefanya madoa meusi, na viatu na mikoba yangu imeota kuvu nyeupe. Fundi wa kwanza aliongeza gesi. Wa pili anasema tupake rangi ya kuzuia maji. Dada yangu aliye Nakuru anasema tufungue madirisha mchana kutwa. Tufanye nini? Na viatu vitapona? *Mama Baraka*

Jibu: Mama Baraka, pole kwa usumbufu, na asante kwa kunipa vipimo. Wengi huniandikia "chumba kinanuka" na kuishia hapo, nami hubaki nikipiga ramli. Wewe umenitajia mambo mawili yanayonitosha kuanzia: chumba cha mita nne kwa nne na mashine ya BTU 24,000. BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza, na hiyo ni mashine ya sebule kubwa. Kwa chumba chako, hata kwa joto la Kisumu, BTU 9,000 zinatosha, na 12,000 zinatosha na kubaki. Huenda aliyeifunga aliamini kubwa ndiyo bora, au aliipata kwa bei ya kutupa. Uvundo wenu umeanzia hapo, na kule kuiweka 16 kumeuzidisha.

Kiyoyozi hukausha hewa kwa njia moja tu. Hewa ya chumba hupitishwa juu ya koili baridi iliyo ndani ya kile kisanduku cha ukutani, mvuke unakuwa matone, matone yanadondokea kwenye trei, na maji yanatoka nje kwa paipu. Kazi hiyo inataka muda. Dakika za mwanzo baada ya kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye kisanduku cha nje, kuwaka, koili inapoa na kulowa tu, hakuna tone lililofika nje. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo hufikia baridi uliyoitaka upesi, kisha kompresa inazima. Maji yamebaki kwenye koili. Na kwenye mashine nyingi za ukutani feni ya ndani haizimi pamoja na kompresa, hata ukiiweka otomatiki. Inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, na maji yaleyale mliyoyalipia kwa tokeni za stima yanarudi chumbani yakiwa mvuke. Baada ya muda mfupi kompresa inawaka tena, na mchezo unaanza upya. Chumba kinapata baridi bila kupata ukavu.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Jioni moja yenye fukuto, washa mashine saa nzima huku umekinga ndoo chini ya paipu ya maji nje. Mashine ya kadiri ya chumba chako, ikifanya kazi mfululizo katika hali kama hiyo, inaweza kutoa lita moja kwa saa au zaidi. Ukikuta vikombe viwili vitatu tu, ndiyo hayo niliyoyaeleza. Ukikuta ndoo kavu kabisa, paipu imeziba au haina mteremko, na maji yanalala ndani ya trei. Nitalirudia hilo.

Sasa hiyo 16. Hewa ya nyuzi 30 ikishiba mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 hubeba 17. Ya nyuzi 16 haifiki 14. Chukua jioni ya Aprili baada ya mvua, nje nyuzi 24, unyevu asilimia 85: hewa hiyo ina gramu 18 na kitu. Inaingia kwako kupitia chini ya mlango na kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha, inakuta chumba cha nyuzi 16. Zile gramu nne tano za ziada katika kila mita ya ujazo hazina pa kukaa hewani, na mashine yenu haiziondoi. Zinaingia kwenye shuka, godoro, mapazia, nguo, na karatasi za watoto. Ndiyo maana unasema shuka ni kama zimenyunyiziwa maji. Hisia yako ni sahihi kabisa.

Ukuta nao umegeuka chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Tena hutokwa jasho hata kwa upande msioutazama. Ukuta uliopozwa hadi nyuzi 17 ndani ya chumba cha kulala una mgongo wake kwenye korido au bafu, na huko hewa ni ya joto na imejaa mvuke. Nimeona nyumba ambamo mama wa nyumba analaumu bafu kwa madoa meusi juu ya vigae, kumbe ukuta umepozwa kutoka chumba cha pili. Hebu nenda ukaangalie mgongo wa ukuta ule unaopigwa moja kwa moja na upepo wa mashine.

Kuanzia leo, basi, panda hadi 25. Najua itakuwa vigumu kwa baba watoto kwa siku mbili tatu, lakini hewa kavu ya nyuzi 25 hulalika vizuri kuliko hewa mbichi ya 18, maana jasho linakauka mwilini. Kisha tafuta kwenye rimoti alama ya tone la maji. Hiyo ndiyo hali ya kukausha. Katika hali hiyo feni huenda polepole, hewa inakaa zaidi juu ya koili, na kwenye mashine nyingi feni husimama kompresa inaposimama, kwa hiyo maji hayarudi chumbani. Kwa mashine iliyozidi chumba kama yenu, itumieni jioni zote za mvua. Ile alama ya theluji iacheni kwa mchana wa Januari na Februari jua linapowaka kwelikweli.

Nunua pia kipima unyevu, kale kadogo ka betri. Kaweke mbali na upepo wa mashine, karibu na kabati. Shabaha yako ni asilimia 50 hadi 60. Kikiwa juu ya 70 siku baada ya siku, kuvu itaota hata ukiosha kila Jumamosi. Mimi humwamini mteja mwenye kipima unyevu kuliko fundi mwenye maneno mengi.

Ushauri wa dada yako wa Nakuru ni mzuri, kwa Nakuru. Yeye yuko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hana kiyoyozi, nyumba yake iko karibu sawa na hewa ya nje. Akifungua dirisha, mvuke wa ndani unatoka. Ninyi mko kwenye mita 1,130 kando ya ziwa, na kuta zenu mmezipoza. Mkifungua madirisha mchana mashine ikiwa imewashwa, au jioni chumba kikiwa bado baridi, mnakaribisha mvuke uje kutulia ukutani. Wakati wenu wa kufungua ni asubuhi, mkishazima mashine, hewa ya nje ikiwa ingali na ubaridi wake. Fungueni madirisha na mlango pande zote mbili ili upepo upite, nusu saa au zaidi. Mvuke wa usiku utoke: watu wawili waliolala usiku kucha hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho. Na mjue kwamba hizi mashine za ukutani haziingizi hewa ya nje hata kidogo. Watu wengi hapa mjini wanadhani ile ya nje inavuta hewa na ile ya ndani inaitoa. Sivyo. Kinachopita kati yake ni gesi kwenye mabomba ya shaba. Hewa mnayopumua usiku ni ileile ya chumba, inazungushwa tu.

Yale matundu ya kudumu juu ya dirisha yananipa taabu kushauri. Yamewekwa kwa sababu nzuri, na popote panapowashwa jiko la makaa au la gesi hayazibwi, mwiko kabisa, kwa sababu ya hewa ya sumu. Katika chumba cha kulala chenye kiyoyozi, ambamo hakiwashwi chochote, unaweza kuyafunika usiku kwa kibao kinachotoka na kuyafungua asubuhi. Usiyapige plasta. Kodi ikiisha, atakayekuja baada yenu atakulaumu, na haki yake.

Umesema harufu huzidi mkiiwasha jioni. Hapo pua yako imekuwa fundi. Harufu inayotoka dakika tano za kwanza kisha ikapungua hukaa ndani ya mashine yenyewe: kwenye koili, kwenye trei, na zaidi kwenye ile feni ndefu ya mviringo iliyo nyuma ya koili, ambayo mafundi wavivu hawaigusi. Vumbi hupita kwenye chujio, linashika kwenye vipande vya feni vilivyolowa, linakuwa utelezi, na utelezi unaoza. Harufu ya soksi zilizovaliwa mvua ndiyo hiyo. Sisi wa Kisumu tuna nyongeza, wale wadudu wadogo wa ziwa, sami, ambao usiku wakiona taa huingia popote penye upenyo. Wakifia kwenye unyevu wananuka kama samaki wa juzi. Kwa hiyo chujio lioshwe kwa maji na sabuni kila wiki mbili, likauke kivulini ndipo lirudishwe. Hiyo ni kazi yako au ya Baraka, haihitaji fundi.

Fundi aje mara mbili kwa mwaka, mojawapo kabla ya mvua za Machi. Usimwambie "huduma". Mwambie unachotaka: azime stima kwenye swichi kuu, afunge mfuko wa plastiki chini ya mashine, apulize dawa ya povu ya koili, aoshe koili kwa pampu, aoshe ile feni ya mviringo mpaka maji yatoke meupe, aitoe trei kama inatoka, na apitishe maji kwenye paipu uone kwa macho yako yanavyotiririka nje. Asitumie Jik kwenye koili, inakula alumini. Akimaliza kwa dakika kumi huku mashine haijafunguliwa, amepangusa chujio tu.

Kama harufu ingekuwa ya choo badala ya uvundo ningekupeleka kwingine. Wako wanaoingiza paipu ya kiyoyozi moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu, na ile hewa ya tangi la choo inapanda mpaka kitandani. Chungulia tu paipu yenu inaishia wapi. Inafaa iishie wazi, juu ya mfereji au kitanda cha maua.

Kila siku kabla ya kuzima, weka hali ya feni peke yake kwa dakika ishirini au thelathini, dirisha likiwa wazi. Utaniuliza, si nimetoka kusema feni ikipuliza koili iliyolowa inarudisha maji chumbani? Ndiyo, na hapa tunayarudisha kwa makusudi, mara moja, asubuhi, yakiwa na njia ya kutokea. Koili ikilala kavu mchana kutwa, kuvu haipati maji ya kunywa. Mashine mpya nyingi hufanya hivyo zenyewe zikizimwa, ndiyo maana utasikia zinaendelea kunguruma kidogo baada ya kubonyeza rimoti. Msizikatize kwa kuzima swichi ya ukutani.

Suala la gesi nitalipita haraka. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikiwa imepungua, pana tundu, na anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi utakayoinunua tena. Dalili yake ni barafu kwenye koili na baridi hafifu. Ninyi mna baridi ya kupita kiasi. Ile pesa imekwenda.

Rangi ya kuzuia maji inataka maelezo zaidi, kwa sababu inaweza kuharibu. Lazima kwanza ujue maji ya nyuma ya kabati yanatoka hewani au yanatoka ndani ya ukuta. Vuta kabati. Kata kipande cha nailoni safi kama ukurasa wa gazeti, kipachike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache siku mbili. Umande ukiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, maji ni ya hewani. Umande ukiwa chini yake, kati ya nailoni na plasta, ukuta wenyewe umelowa. Fanya hivyo mahali pawili, karibu na sakafu na kwenye kimo cha kifua.

Ghorofa ya chini Kisumu si mahali pa kudharau jaribio hili. Kuna sehemu nyingi za mji zenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji, na karibu na ziwa maji ya ardhini hayako mbali. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, wakazi wa Dunga, ufukweni mwa ziwa, walikuwa na maji sebuleni, na hata nyumba ambazo hazikufikiwa na mafuriko zilianza kunyonya kutoka chini. Ukuta unaonyonya una alama zake: mstari wa unyevu usiopanda sana, kwa kawaida chini ya mita moja kutoka sakafuni, rangi inayovimba na kubanduka, na unga mweupe wa chumvi. Madoa meusi ya mviringo, hasa pembeni na nyuma ya samani, ni kuvu ya unyevu wa hewani. Kwa ulivyoeleza, naelekea kwenye hili la pili.

Ikiwa ni la pili, rangi haitasaidia, maana maji yanatua juu ya rangi. Ikiwa ni la kwanza, rangi isiyopitisha mvuke itafungia maji ndani ya plasta nayo yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ukuta unaonyonya ni kazi ya mwenye nyumba: mifereji ya paa, udongo uliorundikwa nje ukapita kimo cha sakafu, bomba linalovuja, au nailoni ya msingi ya kuzuia maji ya ardhini ambayo haikuwekwa au imetoboka. Mpelekee picha na ile nailoni ya jaribio. Wenye nyumba hubishana na maneno, si na umande.

Madoa yenyewe, kama hayazidi eneo la mita moja ya mraba, yasugue kwa maji ya moto na sabuni, ukiwa na glavu na barakoa, dirisha wazi, na mtoto asiwepo, hasa kama ana pumu. Kausha kwa feni. Ukitaka Jik kwa vigae sawa, lakini usiichanganye kamwe na dawa ya choo au siki, inatoa hewa ya sumu. Kisha usirudishe kabati palepale. Liache sentimita kumi kutoka ukutani, likae juu ya vibao, na likiwezekana liegemee ukuta wa ndani ya nyumba. Nyuma yake pakipita hewa, nusu ya tatizo hilo limeondoka.

Hukutaja nguo mnaanika wapi mvua ikinyesha, nami nitakisia: kwenye korido. Nguo za mashine moja ya kufulia hutoa karibu lita mbili za maji zikikauka, na zilizokamuliwa kwa mkono hutoa zaidi. Jikoni, kila kilo ya gesi mnayochoma inatoa kama lita moja na nusu ya maji ikiwa mvuke. Mtungi wa kilo 13 ni lita ishirini hivi zinazoingia nyumbani kwenu mpaka uishe, hujahesabu sufuria ya githeri iliyochemka kwa muda wa saa tatu. Fungeni mlango wa chumba wakati wa kupika na kuoga, dirisha la jikoni liwe wazi, na nguo zianikwe barazani hata kama zitachukua siku mbili.

Mashine mtaifanyaje? Kama sebule yenu haina kiyoyozi, hamisheni hiyo kubwa huko, kwa idhini ya mwenye nyumba, na chumbani mtie ya BTU 9,000 ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Hiyo ndiyo dawa hasa, na stima mtaona inapungua. Kama fedha haziruhusu mwaka huu, kaeni na hali ya tone na 25. Mashine ya kukausha hewa inayosimama sakafuni ni nzuri kwa miezi ya mvua, ila inaongeza joto kidogo chumbani, na zile lita zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Chumbani kwenu itatoa pungufu. Mkaa kwenye bakuli hunyonya harufu kidogo na maji machache mno, na vinukishi, kama umevijaza, vinakuzuia kunusa kama mambo yanatengenea. Vitoe wiki hii.

Viatu na mikoba vitapona vingi. Vitoe nje, upanguse kuvu kwa kitambaa kikavu usichokitumia tena, kisha kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana ngozi nyingine hubadilika rangi. Vikauke kivulini penye upepo, si kwenye jua kali, ngozi itapasuka. Vikishakauka vipake mafuta ya ngozi. Mifuko ya nailoni, kama mmevihifadhia humo, itupeni, tumieni ya kitambaa, na milango ya kabati iwe wazi kila asubuhi mnapofungua madirisha. Mkoba ambao bitana yake ya ndani imeshika kuvu, kwa kweli, huo usirudi kabatini. Utaambukiza mingine kabla ya mvua za Oktoba.